Vipande 36, umbo moja: uchambuzi wa kioo cha darubini ya Keck

Mwezi Novemba 1990, kileleni mwa mlima Mauna Kea katika visiwa vya Hawaii, kwenye mwinuko wa mita 4,145 hivi, darubini ambayo ilikuwa haijakamilika ilielekezwa kwenye galaksi iitwayo NGC 1232. Kioo chake kikuu kilitakiwa kiwe na vipande 36, na usiku huo vilikuwapo 9 tu. Hata hivyo picha iliyopatikana ilitosha kujibu swali lililokuwa likiuandama mradi huo tangu mwanzo wake: je, vipande vya kioo visivyogusana, kila kimoja kikiwa kimekaa juu ya miguu mitatu inayosogea, vinaweza kushikiliwa kwa pamoja kiasi kwamba mwanga wa nyota uvikute kama kioo kimoja?

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama habari ya elimu ya anga, lakini mimi nakichambua kama suala la uongozaji wa mitambo, kwa sababu kioo cha Keck ni uso wa roboti katika maana kamili ya maneno hayo. Ni uso mmoja uliogawanywa, unaobebwa na visukumio 108, yaani vifaa vidogo vyenye mota ambavyo kila kimoja husogeza sehemu yake ya kioo kwa kipimo kinachoagizwa na kompyuta, na umbo la uso huo halikai lenyewe hata kwa dakika chache likiachwa bila kusimamiwa. Mtu yeyote anayetaka kujenga uso wa namna hii, uwe wa kioo, wa plastiki au wa chuma, atakutana na maswali yaleyale waliyokutana nayo wajenzi wa Keck, na majibu yao bado yana thamani kubwa.

Tuanze na sababu ya kukikata kioo vipande. Darubini ya Hale kwenye mlima Palomar huko California, iliyozinduliwa mwaka 1948, ilikuwa na kioo kimoja cha kipenyo cha mita 5 chenye uzito wa tani 13 hivi. Ukikuza kioo hicho hadi mita 10 kwa uwiano uleule, uzito huongezeka mara 8 na kuvuka tani 100, na chuma cha kukibeba huongezeka vilevile. Tatizo kubwa kuliko uzito ni kupinda: sahani ya kioo inayolemewa na uzito wake yenyewe hupinda kwa kiwango kinachoongezeka kwa kipeo cha nne cha upana wake, unene ukibaki uleule. Kipande chenye upana wa mita 1.8, kikilinganishwa na kioo cha mita 10 chenye unene huohuo, hupinda mara 900 hivi pungufu. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini Jerry Nelson, aliyekuwa katika maabara ya Lawrence Berkeley, alipendekeza mwaka 1977 kwamba kioo cha mita 10 kijengwe kwa vipande vya pembe sita vilivyopangwa kama sega la nyuki.

Mpango uliojengwa hatimaye, kwa fedha za Wakfu wa W. M. Keck na kwa ushirikiano wa taasisi ya teknolojia ya Caltech na Chuo Kikuu cha California, una vipande 36 vilivyozunguka nafasi moja iliyoachwa wazi katikati: 6 katika mduara wa kwanza, 12 katika wa pili na 18 katika wa tatu. Kila kipande kina unene wa milimita 75 na uzito wa kilo 400 hivi, kwa hiyo kioo chote kina tani zipatazo 14.4, karibu sawa na kile cha Palomar, ilhali eneo la kukusanya mwanga ni mara nne. Pengo kati ya kipande na kipande ni milimita 3. Kioo chenyewe ni Zerodur, kilichotengenezwa Ujerumani na kampuni ya Schott, ambacho karibu hakitanuki wala kusinyaa joto linapobadilika.

Faida ya kukata kioo ni dhahiri, lakini deni lake ni kubwa. Kioo kimoja kizima hushikilia umbo lake kwa ugumu wake chenyewe, na hakuna anayepaswa kukikumbusha kila sekunde kwamba upande wa kushoto uwe sambamba na wa kulia. Ukishakikata, ugumu huo umeutupa, na badala yake unahitaji ugumu wa kutengenezwa kwa vihisi, hesabu na mota. Hapo ndipo kazi ya uongozaji inapoanza, na kwa maoni yangu hapo ndipo ubunifu wa kweli wa mradi huu ulipo, kuliko hata katika ung'arishaji wa vioo ambao nao ulikuwa mgumu sana.

Usahihi unaotakiwa unatisha. Mwanga unaoonekana kwa macho una urefu wa wimbi wa nanomita 500 hivi (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na ili picha isiharibike, kingo za vipande jirani zinapaswa kulingana kwa sehemu ndogo tu ya urefu huo, yaani makumi machache ya nanomita. Unywele wa binadamu una upana wa takriban nanomita 80,000. Kisukumio cha Keck kinafikia usahihi huo kwa njia ambayo fundi yeyote wa mashine ataielewa. Mota huzungusha skrubu yenye hatua ya milimita 1 kwa kila mzunguko, na kifaa cha kusoma mzunguko hugawa mzunguko huo katika sehemu 10,000, hivyo sehemu moja ni nanomita 100. Kisha mwendo huo hupitishwa katika mfumo wa kimiminika unaoupunguza mara 24, na hatua ndogo kabisa inayomfikia kioo inakuwa nanomita 4 hivi. Uwezo wote wa kusogea ni zaidi kidogo ya milimita 1. Kila kipande kina visukumio vitatu, kwa sababu miondoko inayohitaji kuongozwa ni mitatu: kupanda au kushuka, na kuinama katika pande mbili. Kusogea kwa ubavu na kuzunguka mahali pake kunazuiwa na muundo wa chuma bila msaada wa mota.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani kwamba jambo lililobaki ni kumwambia kila kisukumio aende wapi. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi nyuso nyingi za roboti zilizojengwa katika maabara. Ule uitwao inFORM, uliotengenezwa katika maabara ya Media Lab ya chuo cha MIT nchini Marekani na kuonyeshwa mwaka 2013, una pini 900 zilizopangwa katika safu 30 kwa 30, na kila pini ina mota yake pamoja na kipimo chake cha kueleza imepanda kiasi gani. Pini haihitaji kujua habari za jirani yake. Inapimwa dhidi ya fremu iliyoibeba, na kwa kuwa kosa la sehemu ya milimita halionekani na jicho la mtazamaji, fremu hiyo inatosha kuwa kipimo cha kuaminika.

Kwa Keck fremu haiaminiki. Chuma hutanuka kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja ya joto, hivyo boriti ya mita 10 hurefuka milimita 0.12 joto likipanda digrii moja tu, na hizo ni nanomita 120,000. Darubini inapoifuata nyota kutoka utosini kuelekea upeo wa macho, uzito wa tani nyingi hubadilisha upande unaouvuta muundo mzima, na chuma hulegea na kujikunja kwa viwango ambavyo ndivyo hasa vilivyolazimisha visukumio vipewe nafasi ya milimita nzima. Ukikipima kipande cha kioo dhidi ya fremu, utakuwa umekipima dhidi ya kitu kinachotembea kuliko kioo chenyewe. Swali la kwanza katika uongozaji wa uso wowote wenye sehemu nyingi, basi, ni swali la kila sehemu ipimwe dhidi ya nini.

Jibu la Nelson na mwenzake Terry Mast lilikuwa kwamba kila kipande kipimwe dhidi ya jirani zake. Katika kila mpaka kati ya vipande viwili viliwekwa vihisi viwili. Mipaka ya ndani ni 84, na vihisi ni 168. Kila kihisi ni cha aina ya kapasita: bamba linalotokeza kutoka kipande kimoja huingia kati ya nyuso mbili zilizofungwa chini ya kipande cha jirani, na bamba hilo likipanda au kushuka kidogo, nafasi ya juu na ya chini hutofautiana na uwezo wa kuhifadhi chaji za umeme hubadilika. Mabadiliko hayo husomwa kwa usahihi wa nanomita chache. Kihisi hakisemi kipande kiko wapi. Kinasema tu kwamba ukingo huu uko juu au chini ya ukingo ule kwa kiasi fulani.

Sasa tuna namba 168 na visukumio 108 vya kuagizwa, na uhusiano kati yao ni wa jiometri tupu. Kisukumio fulani kikipanda nanomita 100, tunajua kwa hakika kila kihisi kinachozunguka kipande hicho kitabadilika kiasi gani, kwa kuwa tunajua mahali kilipo. Uhusiano wote unaandikwa katika matriki moja, yaani jedwali la namba, yenye mistari 168 na safu wima 108. Kazi ya uongozaji ni kuigeuza hesabu hiyo: kutoka usomaji wa vihisi, kutafuta mwendo wa visukumio unaoueleza usomaji huo vizuri kuliko mwingine wowote. Kwa kuwa milinganyo ni mingi kuliko visivyojulikana, hakuna jibu linaloitosheleza yote kwa pamoja, kwani kila kihisi kina kosa lake dogo. Njia inayotumika ni ile ya kuchagua jibu ambalo jumla ya miraba ya makosa yanayobaki ni ndogo kabisa. Matriki ya jibu hukokotolewa mapema mara moja na kuhifadhiwa, kisha kila duru ya uongozaji ni kuzidisha na kujumlisha tu: mazao 18,144 kwa duru, na duru ni mbili kwa sekunde. Hata kompyuta za mwishoni mwa miaka ya 1980 ziliimudu kazi hiyo bila shida.

Vihisi hivyo vya ziada havikuwekwa kwa anasa. Miondoko mitatu kati ya 108, yaani kioo chote kupanda kwa pamoja na kioo chote kuinama kama sahani moja katika pande mbili, haiwezi kuonekana na kihisi chochote cha mpakani, kwa sababu katika miondoko hiyo hakuna jirani anayempita mwenzake. Hiyo inashughulikiwa na mifumo mingine ya darubini. Inabaki 105 ya kutafuta kwa vipimo 168, na akiba ya vipimo 63 ina maana kwamba kihisi kimoja kikiharibika usiku, mstari wake unaondolewa katika matriki, hesabu inafanywa upya, na kazi inaendelea bila mtu kupanda juu ya kioo gizani. Naliona jambo hili kuwa la busara sana, maana katika mfumo wenye sehemu mia kadhaa swali halisi huwa ni mfumo utaendeleaje kufanya kazi wakati sehemu fulani imekwisha kuharibika.

Kulikuwa na njia nyingine ambayo mtu angeweza kuifikiria, nayo inavutia kwa urahisi wake: kila kipande kiwe na kompyuta yake ndogo, kiangalie jirani zake sita au pungufu, na kijisawazishe nao, bila kituo kikuu. Njia hii hutajwa mara nyingi na watu wanaopenda mifumo isiyo na bwana mmoja. Katika uso huu ingekuwa na kasoro kubwa. Makosa madogo ya karibu, mfano kipande kimoja kilichochomoza juu ya wenzake, yangesahihishwa haraka, kwa sababu jirani wote wangeyaona kwa nguvu. Lakini mpindo mpana unaoanza upande mmoja wa kioo hadi wa pili humfanya kila jirani aone tofauti ndogo mno kati yake na mwenzake, na habari ya kwamba uso mzima umepinda ingelazimika kusafiri kipande kwa kipande, duru baada ya duru, kama joto linavyosambaa polepole katika chuma. Uongozaji wa pamoja unauona mpindo huo wote katika duru moja.

Kuuona, hata hivyo, hakumaanishi kuuona vizuri, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa kuwa hili ndilo somo zito la kisa kizima. Mfikirie fundi anayepanga vigae katika ukumbi mkubwa bila kuvuta uzi wala kutumia pimamaji, akikilinganisha kila kigae na kile kilichotangulia tu kwa kupitisha kidole juu ya mshono. Kila mshono utakuwa laini chini ya kidole chake. Lakini akifika ukutani na kugeuka nyuma, atakuta sakafu imezama katikati au imepanda upande mmoja, kwa sababu kosa dogo lisilohisika katika mshono mmoja limejumlishwa na la mshono wa pili na wa tatu hadi likawa tofauti ya vidole viwili. Kosa likiwa la nasibu, mara juu na mara chini, sehemu yake hujifuta. Likiwa la upande mmoja daima, mwinamo huongezeka kwa kila kigae, na kimo huongezeka kwa mraba wa idadi ya vigae.

Kioo cha Keck kiko katika hali ya fundi huyo. Ukiigawa miondoko yote 105 inayowezekana katika maumbo ya msingi, kuanzia yale yenye mikunjo mingi midogo hadi yale mapana na laini, utakuta kwamba vihisi huyaona maumbo yenye mikunjo kwa uwazi mkubwa, na kadiri umbo linavyokuwa pana na laini ndivyo vinavyolihisi kwa unyonge. Kosa lilelile la nanomita chache katika vihisi linazaa kosa dogo sana katika umbo la mikunjo, na kosa kubwa mara nyingi zaidi katika umbo pana. Ni bahati njema kwamba maumbo hayo mapana ndiyo pia yasiyoiumiza picha haraka kama ngazi za ghafla kati ya kipande na kipande.

Umbo gumu kuliko yote ni lile la kubonyea. Chukulia kwamba kioo chote kimezidi kubonyea kidogo, kama bakuli lililoongezwa kina. Kila kipande kimeinama kidogo zaidi kuelekea katikati, lakini kingo zote bado zimekutana sawasawa, na hakuna ngazi popote. Kihisi ambacho kingepima tofauti ya kimo katika ukingo wenyewe kisingeona chochote kabisa. Kilichobadilika ni pembe tu kati ya jirani na jirani, na imebadilika kwa kiasi kilekile katika mipaka yote 84. Vihisi vya Keck vimejengwa vikiwa vimeingia kidogo ndani kutoka kwenye mstari wa mpaka, hivyo huihisi pembe hiyo kwa kiasi fulani, lakini ni hisia dhaifu. Matokeo yake yanafuata kwa mantiki: jambo lolote linalovisukuma vihisi vyote upande mmoja kwa pamoja, mathalani badiliko la joto linaloathiri vifaa vyote kwa namna ileile, husomwa na kompyuta kana kwamba kioo kimebadilika kina, na visukumio 108 huitikia kwa utiifu kosa ambalo halikuwapo.

Tatizo la namna hii haliondolewi kwa kununua mota bora. Kisukumio kinaweza kuwa na hatua ya nanomita 4 na kikawa kinakwenda kwa usahihi wa nanomita 4 mahali pasipofaa. Kioo kidogo cha pili cha darubini kinaweza kusogezwa ili kurekebisha sehemu ya kosa la fokasi, yaani la mahali miale inapokutana, lakini marekebisho hayo hayakamiliki, kwa kuwa mbonyeo wa kioo kizima umebadilika ilhali mbonyeo wa kila kipande peke yake umebaki kama ulivyong'arishwa kiwandani, na tofauti hiyo hubaki katika picha kama mawimbi madogo yanayojirudia kipande kwa kipande. Kinachohitajika ni uzi wa fundi, yaani kipimo kutoka nje ya sakafu yenyewe.

Uzi huo ni nyota. Vihisi vya mpakani haviwezi kujua ni usomaji upi unaomaanisha kioo kizuri. Vinaweza tu kuulinda usomaji ambao vimeambiwa ni mzuri. Kwa hiyo, kabla ya kuviachia kazi, darubini huelekezwa kwenye nyota angavu, na mwanga wake hutumika kukipanga kioo. Mfumo uliofanya kazi hii Keck uliongozwa na Gary Chanan wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Wazo lake kuu ni la kupendeza. Kinga mwanga wote wa kioo isipokuwa ule unaopita katika matundu madogo, kila tundu likiwa limekaa juu ya mpaka ili nusu ya mwanga itoke kipande hiki na nusu kile. Nusu hizo mbili zikiwa katika kimo kimoja, mawimbi yake hukutana kwa upatano na kufanya doa moja angavu. Kipande kimoja kikiwa juu kwa robo ya urefu wa wimbi, mwanga husafiri tofauti ya nusu wimbi, kwa sababu huipita njia hiyo mara mbili, kwenda na kurudi, na doa hugawanyika kuwa mawili yaliyo sawa. Kati ya hali hizo mbili kuna ngazi zote zinazoweza kusomwa.

Mtego uliomo ni kwamba ngazi ya nusu nzima ya urefu wa wimbi huleta tena doa moja, na mtu anaweza kudanganyika kwamba kingo zimelingana kumbe moja iko juu kwa nanomita 250. Dawa yake ni kutotegemea rangi moja ya mwanga. Ukitumia rangi nyingi kwa pamoja, ngazi isiyo sifuri huzitawanya kila moja kwa namna yake na doa hufifia. Ni pale tu kimo kinapokuwa sawa kweli ndipo rangi zote zinapokubaliana. Kipimo kikishakamilika, usomaji wa vihisi vyote 168 kwa wakati huo huandikwa kuwa ndio lengo, na tangu hapo kazi ya uongozaji ni kuwarudisha vihisi kwenye namba hizo mara mbili kwa kila sekunde. Zoezi hurudiwa baada ya wiki kadhaa, na pia vipande vinapotolewa ili kupakwa upya alumini.

Mgawanyo huu wa kazi, nyota ikisema ukweli mara chache na vihisi vikiulinda mfululizo, ndio ninaouona kuwa kiini cha usanifu mzima. Nyota haiwezi kutumika muda wote kwa sababu watafiti wanataka kutazama vitu hafifu, na vihisi haviwezi kuachwa peke yao kwa sababu hutangatanga polepole.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini duru mbili tu kwa sekunde. Jibu ni kwamba maadui wanaotarajiwa, yaani uzito na joto, ni wa polepole. Nyota huchukua saa nyingi kuvuka anga. Kuharakisha duru kungeleta hatari mpya, kwa kuwa kila kisukumio kinapokisukuma kioo, huisukuma fremu upande wa pili, na fremu ikitikisika huwatikisa jirani, ambao vihisi vyao huagiza masahihisho mengine. Katika mwendo wa polepole fremu hutulia kati ya duru na duru. Katika mwendo wa kasi, uso mzima unaweza kuanza kujitetemesha wenyewe. Upepo, ambao ni wa kasi, unakabiliwa kwa ugumu wa chuma na kwa kuta za kuba.

Msukosuko wa hewa juu ya darubini ni adui wa kasi zaidi, na hakuna aliyejaribu kuushinda kwa kusogeza vipande vya kilo 400. Tangu mwaka 1999 darubini pacha ya Keck II imekuwa na kioo kingine kidogo na chembamba, chenye visukumio 349 nyuma yake, kinachobadilisha umbo mara mamia kwa sekunde kulingana na mwanga wa nyota unaopimwa papo hapo. Ni uso wa roboti wa aina tofauti kabisa, kwa kuwa kioo chake ni kimoja na kila kisukumio humvuta jirani yake kupitia kioo hicho. Nyuso hizo mbili zikifanya kazi pamoja ndizo zilizomwezesha Andrea Ghez na wenzake kufuatilia nyota zinazolizunguka shimo jeusi katikati ya galaksi yetu, kazi iliyomletea sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2020.

Nieleze kwa ufupi pia kwamba umbo la kila kipande peke yake halimo katika mzunguko huu wa uongozaji. Chini ya kila kipande kuna mfumo wa mizani unaogawa uzito wake katika nukta 36, na springi bapa 30 zinazoweza kukazwa kwa mkono ili kukipinda kidogo na kuondoa makosa yaliyobaki kutoka kiwandani. Zikishakazwa, huachwa.

Ushahidi kwamba vihisi ndivyo moyo wa kazi unapatikana katika darubini nyingine mbili. Hobby-Eberly ya Texas ilijengwa ikiwa na vipande 91 bila vihisi vya mpakani, kwa matumaini kwamba kupangwa kwa nyota kungedumu kwa muda wa kutosha. Baadaye ilibidi vihisi viongezwe. Dada yake wa Afrika, darubini ya SALT iliyoko Sutherland nchini Afrika Kusini na iliyozinduliwa mwaka 2005, nayo ina vipande 91 na visukumio 273. Ilianza na vihisi vya kapasita, lakini unyevu wa hewa na mabadiliko ya joto viliuvuruga usomaji wake mno, hata vikaachwa, na kwa miaka kadhaa waendeshaji walilazimika kukatiza uchunguzi ili kukipanga upya kioo, hadi vilipofungwa vihisi vya aina nyingine vinavyotumia sumaku ya umeme. Visukumio vilikuwapo muda wote huo, vikiwa na uwezo wao kamili, na havikuwa na wa kuwaambia ukweli.

Kioo kikuu cha darubini pacha, Keck II, kilianza kazi mwaka 1996 kwa mpango uleule, na sasa huko Chile, juu ya mlima Armazones, inajengwa darubini yenye kioo cha mita 39, vipande 798 na visukumio 2,394. Matriki yake ni kubwa mara mamia kuliko ile ya Keck, jambo ambalo kompyuta za leo zinalimudu. Lakini kutoka katikati ya kioo hadi ukingoni mnyororo wa majirani ni mrefu zaidi, na kosa la pembe lililo sawa katika kila mpaka, ambalo katika miduara mitatu ya Keck lilikuwa usumbufu wa kurekebishwa kila baada ya muda, litajijumlisha katika safu ndefu ya vipande kabla ya kufika ukingoni. Wajenzi wake wameandaa vifaa vya kupima mwanga wa nyota wakati uchunguzi wenyewe ukiendelea, ili uzi wa fundi uwe umevutwa usiku kucha.